Kesi ya Kumrudisha Bot Chelangat

Jumatatu, 3 Februari

Nimekamua mwenyewe. Ng'ombe bado ananikataa. Anataka mkono wa Bot Chelangat, mimi ananipigia ndoo teke. Nimemwambia huyo mama yuko Italia, mimi ndiye niko. Hakusikia.

Majani chai ni kidogo, jua kali. Nimechuma nusu kikapu nikapeleka sentani, pale tunapopimiwa majani. Karani akaangalia kikapu, akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nyapara kwa kampuni ya chai, wachumaji walikuwa wakisikia kikohozi changu wanainama. Sasa mtoto wa juzi ananiangalia hivyo.

Baada ya chakula, masomo. Maneno ya leo: cuore, moyo. Notte, usiku. Lacrime, machozi. Sempre, siku zote. Nimeyashika yote kwa wimbo mmoja. Chelangat binti yangu alijifunza Kiitaliano hivi hivi kabla ya kwenda huko kufanya kazi, kwa nyimbo za mapenzi. Aliacha flashi ya nyimbo na makaratasi, kila mstari wa wimbo na Kiswahili chake chini. Yeye alichukua mwaka. Mimi nitachukua mwezi. Nilifika darasa la nne tu, lakini kichwa changu hakikuacha shule.

Sababu ya kusoma naiandika hapa, kwa watu siisemi. Bot Chelangat, yaani mama ya Chelangat, ni mke wangu. Alienda Januari kumsaidia Chelangat na mtoto mchanga, arudi tukipanda mahindi. Juzi kwa simu aligeuka akamwambia mtu neno la Kiitaliano na huyo mtu akacheka. Mwanamke ambaye hajui kusoma hata kibao cha barabara. Siwezi kushindwa na mke wangu.

Jumatano, 5 Februari

Wanaume wa Italia wanalia sana. Nimesikiliza flashi yote. Kila wimbo mwanamume ameachwa. Hapati usingizi. Anasimama kwa mvua bila kofia. Hakuna hata mmoja aliyeenda kuangalia ng'ombe.

Sijui nani anawaruhusu. Huku mwanamume akilia hivyo wazee wanamwita wamuulize ana shida gani.

Piangere, kulia. Pioggia, mvua. Senza di te, bila wewe. Hii ya mwisho iko karibu kila wimbo. Wanaipenda.

Ouma alipita akanikuta na redio. Ouma ni jirani. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akawa fundi wa kiwanda cha chai Mogogosiek, akastaafu, akabaki na sisi.

"Mzee, umeokoka ama umependa?"

Nikamwambia ni masomo. Akasema masomo gani hayo mtu anasoma akiwa amefunga macho. Huyo hajui kitu. Mtu akifunga macho neno haliponyoki.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya kanisa Chelangat alipiga simu ya video. Nimeona mjukuu. Mkubwa, ana kichwa changu.

Halafu nimeona Bot Chelangat. Alikuwa ndani ya nyumba ya plastiki ya kupandia mboga, ana jembe. Kando yake mzee wa nywele nyeupe, gambuti miguuni, anamshikia mche. Huyo ndiye Gino, baba ya kijana aliyemwoa Chelangat. Yeye na mimi ni pamwai, tumepeana watoto. Kwa harusi hakuja, goti lilikuwa linamsumbua. Hajawahi kukaa kwangu na mimi sijawahi kukaa kwake. Wote wanaishi kwa nyumba yake. Mke wake alikufa.

Bot Chelangat amenona. Anacheka. Hapa nyumbani alikuwa anacheka na kuku tu.

Nilitaka kumsalimia pamwai kwa Kiitaliano changu. Lakini maneno niliyonayo ni machozi, usiku na bila wewe. Si ya kusalimia mtu na gambuti. Nikapunga mkono.

Nina wivu. Nimeandika. Basi.

Alhamisi, 13 Februari

Wamama wa kanisa walileta chakula. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Wakiona nimepokea mara moja, watakuja kila siku na uso wa matanga, na hakuna mtu amekufa.

Nilifunga mlango wa jikoni nikapika ugali mwenyewe. Nilifunga kwa sababu ya watu. Ulitoka uji. Nikaunywa.

Mursik, maziwa yetu ya kibuyu, imeharibika. Nilipata kibuyu kimechacha vibaya, nikakiosha kwa sabuni, nikaweka maziwa. Maziwa yamekuwa ya sabuni. Nilimwambia arap Sigei, rika langu, akashika fito za ua akicheka. Kibuyu kinasuguliwa kwa kijinga cha mti wa senetwet, kila mtoto anajua, sabuni ni ya shati. Nikasema nilijua, nilikuwa najaribu. "Ulikuwa unajaribu nini? Kufua maziwa?"

Neno moja tu leo. Perdere, kupoteza.

Jumapili, 16 Februari

Habari mbaya. Chelangat anasema kuna karatasi. Mama akiweka sahihi anaruhusiwa kukaa huko, si mgeni tena. Bwana ya Chelangat ameulizia, inawezekana. Mtoto ni mdogo, yeye anarudi kazini, mama awasaidie mwaka huu na pengine ule mwingine.

Pengine ule mwingine.

Bot Chelangat alikuwa amekaa pale pale, amembeba mtoto. Ananitazama tu kwa simu. Nilisema sawa, nikakata.

Kwa nini nilisema sawa. Siko sawa. Mimi mjinga.

Jumatatu, 17 Februari

Sikusoma. Sikuenda sentani. Nilikaa nikafikiri mpaka nikapata.

Kwetu mke akikaa sana kwa boma la watu, mume haendi kumvuta mkono wala kumpigia kelele. Anaenda na wazee. Wanaongea na mwenye boma, kwa adabu. Mke anaitwa mwisho. Mimi nilikuwa naongea na mtoto wangu kwa simu kama ndiye mwenye boma. Mwenye boma ni Gino. Hakuna mtu amekwenda kwa Gino.

Nilienda kwa Sigei.

"Kwani alikimbia?"

"Hajakimbia."

"Ulimpiga?"

"Sikumpiga."

"Sasa tunamrudisha kwa kosa gani? Alienda kulea mjukuu na wewe ndiye ulimsindikiza ukiwa na tai."

Nikamwambia mwanamke yuko kwa boma la mtu, siku ya kurudi inasogezwa, mwenye boma hajaulizwa. Hiyo ni kesi. Sigei alichokonoa meno muda mrefu.

"Ukiita kesi ni kesi," akasema. "Usije ukaniambia baadaye tulikuwa tunaongea tu."

Nikasema ni kesi.

Akauliza Italia tutaendaje, miguu yake haifiki hata Kaplong. Nikasema kwa simu ya Ouma, ile kubwa. Akauliza nani atafsiri. Chelangat hawezi, ndiye anayemtaka mama abaki. Bwana yake ni hivyo hivyo. Nikamwambia mtafsiri unamwona hapa mbele yako.

Alinitazama. Halafu akasema rafiki, wewe hata kibuyu kilikushinda.

Alhamisi, 20 Februari

Masomo mchana kutwa. Shida kubwa. Nyimbo hazina ng'ombe.

Nilitaka kumwambia Gino hivi: mahindi yanataka kupandwa, ng'ombe ananikataa, majani yatakuja mengi mvua ikinyesha na mimi ni mkono mmoja. Maneno ya mwanamume. Nimepitia makaratasi yote ya Chelangat. Hakuna ng'ombe. Hakuna jembe. Hakuna mahindi. Hawa watu wanakula nini?

Kuna casa vuota, nyumba tupu. Kuna solo, peke yangu. Kuna torna, rudi. Kuna non dormo, silali. Kuna mtu ameshika picha ya mwanamke anaiuliza uko wapi.

Nitachukua yaliyoko. Fundi anajenga na mawe aliyoletewa.

Kuna neno moja silitaki. Ti prego. Chelangat ameandika chini, nakuomba tafadhali. Liko kila mahali, wanaume wanalisema mpaka sauti inapasuka. Sijawahi kumwambia mwanamke neno hili kwa lugha yoyote. Sitalitumia. Torna peke yake inatosha.

Jumapili, 23 Februari

Chelangat amesema siku ya karatasi ni Jumanne, tarehe nne Machi. Wataenda ofisini pamoja, mama aweke alama ya kidole.

Bot Chelangat aliuliza kama nimepata dawa ya kikohozi. Nikasema sina kikohozi. Nikakohoa.

Kesi ni Jumamosi. Nimemwambia Chelangat nataka kuongea na pamwai, wazee kwa wazee, yeye na bwana yake watoke nyumbani. Akauliza baba, mtaongea lugha gani. Nikamwambia hilo si lake.

Jumatano, 26 Februari

Nafanya mazoezi nikichuma. Wachumaji wa shamba la chini wananisikia. Jana mama mmoja aliuliza kwa sauti kama mzee ameanza kunena kwa ndimi. Wamecheka mpaka kwenye mto. Nimeendelea. Hakuna hata mmoja wao anayejua neno moja la Italia, wanacheka nini.

Nimetengeneza hotuba. La casa è vuota. Sono solo. Non dormo. Senza lei non vivo. Torna. Yaani nyumba ni tupu, niko peke yangu, silali, bila yeye siishi, rudi. Fupi. Imesimama wima.

Ya kutolala ni kweli. Ile ya kutoishi ni ya wimbo.

Jumamosi, 1 Machi

Leo nitaandika ndefu.

Walikuja baada ya chakula cha mchana. Sigei na koti lake la harusi ya mtoto, kofia, fimbo. Mimi hivyo hivyo. Ouma alikuja na fulana, nikamrudisha kwake akavae shati. Alirudi na shati, kofia na tai pia, ili anikasirishe. Tuliweka stuli tatu mbele ya meza, simu ikaegemea kwa birika. Sigei aliweka kibuyu cha mursik kwa meza, cha mke wake. Ouma akauliza hiyo ataimimina wapi, kwa tundu la chaja? Sigei akamwambia anyamaze, hakuna wazee wanaenda kwa watu mikono mitupu.

Gino alitokea. Amevaa koti pia! Na amechana nywele. Yuko jikoni kwake, meza safi. Nilishtuka. Huyo mtu alijua ni kitu kikubwa.

Tulivua kofia. Yeye hana kofia, akagusa kichwa. Sigei alisalimia kwa Kipsigis, salamu yote, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua. Gino alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Halafu na yeye akasema salamu yake ndefu ya Kiitaliano. Sikushika kitu. Ouma aliniuliza anasema nini. Nikasema mvua kwao pia ni kidogo.

Halafu wakaniangalia.

Nilisimama. Nilisema la casa è vuota. Gino alisogea karibu na simu. Sono solo. Non dormo. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ya nyapara. Nikafika senza lei non vivo na hapo nikasimama. Sikusahau. Niliona tu kama si ya wimbo tena. Mtandao ulikuwa unasumbua, uso wa Gino umeganda amefungua mdomo, na mimi sikujua kama amesikia ama hajasikia. Kwa hivyo nikasema tena. Halafu nikasema torna, na haikutosha, ilikuwa kama nafukuza ndama. Nikasema ti prego. Nikasema mara nyingi. Sigei alinivuta koti nikae.

Uso wa Gino ulirudi. Alikuwa amevua miwani. Aliongea polepole, kama mtu anayepimia mtoto dawa. Nilishika maneno ya nyimbo tu. Mia moglie, mke wangu. Casa vuota. Anche io, hata mimi. Akarudia, anche io. Alikuwa anajipiga kifua kwa kidole.

Niliwaeleza wazee: hata yeye nyumba yake ilikuwa tupu. Sigei akatingisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekuja na hasira kidogo ya huyu mtu. Iliisha hapo hapo. Sikuipenda vile iliisha haraka.

Gino alisimama akaenda kumwita Bot Chelangat. Nikajua nimeshinda.

Sikushinda.

Alikuja anapangusa mikono na aproni. Aliona kofia tatu, fimbo, kibuyu. Akakaa chini taratibu. Hakuwa anacheka.

Sigei akamuuliza kama desturi inavyotaka. "Mama ya Chelangat, tumekuja. Ulikuwa na shida gani pale nyumbani? Sema, wazee wasikie."

Nikamwambia Sigei hilo halina haja. Akasema uliita kesi. Kwa kesi mwanamke anaulizwa.

Alisema kwa Kiswahili ili Ouma pia asikie. Naandika vile alisema.

"Mzee Sigei, mimi sikukimbia. Lakini mmekuja na makofia, basi nitasema. Huyu mwanamume nimekaa na yeye tangu nikiwa msichana. Hajawahi kuniuliza kitu. Ndama anauza, nasikia kwa mnunuzi. Mahali pangu pa mboga alipanda majani chai, niliona miche asubuhi. Kuja huku alileta pasipoti akasema unaenda Jumanne. Chelangat akamwambia ya karatasi, nikamtazama, nikangoja. Akasema sawa akakata. Sawa ya nani? Huyu Gino hajui lugha yangu, lakini kila asubuhi ananiinulia majani ya chai mkono huu na kahawa mkono huu, ananingoja nichague. Mara ya kwanza nilisimama pale kama mjinga. Sikujua ninapenda gani."

Ouma aliangalia paa.

Sigei akaniambia nijibu. Nilisema nilikuwa nafanya kazi. Akasema hilo si jibu, sisi wote tulikuwa tunafanya kazi. Nikasema pale pa mboga palikuwa na udongo mzuri wa chai. Ouma akasema mzee, acha hapo, unajichimbia.

Waliteta kidogo mlangoni, wao wawili, mimi nimeachwa kwa stuli. Waliporudi Sigei alitoa uamuzi. Mwanamke hana kosa. Harudishwi kwa nguvu ya wazee, kwa sababu hakutoka kwa ubaya. Mume atamuuliza, sasa, mbele yetu. Mwanamke atajibu siku atakayotaka yeye. Na asimuulize kwa maneno ya Gino.

Nilisimama tena. Kwa Kiitaliano neno la kuomba lingetoka mara moja, nilikuwa nimelisema sasa hivi mbele ya watu. Kwa Kipsigis halikuwa na njia. Nilisema, utarudi ama utakaa? Sigei akasema ongeza. Nikasema, unataka nini? Akasema ongeza. Nikasema nakuomba urudi.

Bot Chelangat alipangusa mikono tena. Akasema, "Nimesikia. Nitafikiri."

Akakata yeye. Miaka yote mimi ndiye hukata.

Wazee walikunywa mursik yote wakaenda. Ouma aliacha tai juu ya stuli.

Jumapili, 2 Machi

Sikuenda kanisa. Habari imefika huko kabla ya mchungaji.

Nina hasira na Sigei. Rika gani hiyo. Nilimpeleka kunisaidia akanihukumu. Na nina hasira na Ouma, ambaye hata si desturi yake, na aliingia mlangoni kuteta kama amezaliwa hapa.

Hotuba ilikuwa nzuri. Hilo hakuna mtu atakataa. Hapa vilimani mzee wa kusimama akamliza Mtaliano kwa Kiitaliano ni mimi peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya karatasi. Nilikuwa na simu mfukoni tangu asubuhi. Nilichuma nayo. Nilikamua nayo.

Hawakupiga.

Ningepiga mimi. Lakini uamuzi ulisema atajibu siku anayotaka. Nikipiga ni kumsukuma. Nilifungua jina lake kwa simu, nikafunga.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna simu.

Nilipita pale palipokuwa mboga zake. Chai imekua vizuri. Udongo ni mzuri kweli. Nilisimama hapo nikajaribu kukumbuka alikuwa amepanda nini. Sukuma wiki, nadhani. Na kitu kingine chenye maua. Sijui jina lake. Nimeishi nacho nikala na sijui jina lake.

Sikufungua redio.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imekuja. Nzito. Barabara ya sentani imekuwa tope, lori la majani lilikwama hapo chini, wote tukasukuma.

Sigei alikuja na wanawe wawili na ng'ombe wa kulima. Hakuuliza, alianza tu. Nilitaka kumfukuza. Mvua haingoji mtu amalize hasira. Tumepanda mahindi yote. Hakusema neno la kesi na mimi sikusema. Wakati wa kwenda alisema tu, "Mimi pia niliulizwa na wangu nilipofika nyumbani. Swali lile lile, kama nimewahi kumuuliza kitu. Umeniharibia boma."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumapili, 9 Machi

Amepiga. Yeye mwenyewe, bila Chelangat. Ameonyeshwa kufinya simu.

Nilisubiri aseme. Ilikuwa ngumu. Nilishika meza.

"Niliweka kidole," akasema.

Nikasema nimesikia. Sikusema sawa.

Akasema atakaa mpaka mwezi wa nane. Mwezi wa tisa mtoto anaanza kupelekwa kwa shule ya watoto wadogo, Chelangat hatamhitaji sana. Atakuja nyumbani mwezi wa nane. Akitaka kwenda huko tena atakwenda, karatasi inamruhusu. Amemwahidi Chelangat, hawezi kumgeuka.

Halafu akasema, "Ungeniuliza Januari, kabla sijaondoka, ningekuja Machi."

Hilo limeingia. Nilitaka kusema wewe pia ungesema. Lakini nilikuwa nimesikia kesi. Alinitazama, akangoja, mimi nikakata.

Nikasema ni kweli.

Tulinyamaza. Kwa kawaida hapo ndipo ninakata. Sikukata. Yeye pia hakukata. Baadaye akauliza mvua. Nikamwambia yote, lori, tope, ng'ombe wa Sigei. Akaniambia Gino anamfundisha kupunguza matawi ya mizabibu na mkasi, na kuna baridi ambayo inauma meno. Nilimuuliza ile mboga yenye maua ilikuwa inaitwaje. Alifikiri, akasema isagek. Ah. Isagek. Niliijua, nilikuwa sijui ndiyo hiyo.

Tuliongea mpaka bando ikaisha. Hatujawahi kuongea hivyo tukiwa nyumba moja.

Jumatano, 12 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana. Majani yameanza kutoka, laini, mawili na kichipukizi kama yanavyotakiwa. Kikapu kilijaa. Karani wa sentani aliangalia, akapima.

Mke wa Sigei alikuwa kwa foleni. Aliniuliza mbele ya watu wote, kwa sauti, mama ya Chelangat anarudi lini. Walikuwa wanangoja niseme nimemwagiza arudi.

Nikasema mwezi wa nane. Ameamua.

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Nikageuka. Nikawaambia wake wao wako hapa hapa, na hawajaamua hata chumvi. Wangu anaamua akiwa Italia.

Nilichukua risiti yangu. Nilitembea pole pole, tope lilikuwa limeanza kukauka kando ya barabara.